Jinsi ya kuchagua aksheni nyepesi ya bunduki ya kuwindia

Shemeji yangu, mwindaji mwenye leseni kule Handeni, alinifuata Chumbageni, hapa Tanga, na karatasi iliyojaa majina ya aksheni za kuagiza Marekani, nyingi za titani, metali nyepesi kuliko chuma, akitaka nimtajie iliyo nyepesi kuliko zote. Nikamwambia, shemeji, hilo tutalifikia, ila lina wenzake mbele yake. Tulikaa tukazichambua moja moja. Kwa kuwa vijana wa vitalu vya uwindaji huniuliza jambo hilo hilo kila msimu unapokaribia Julai, nimeona niyaandike. Mimi ni fundi wa silaha. Nikisema aksheni nina maana ya risiva, yaani mwili wa chuma unaofungwa nyuma ya mtutu, pamoja na bolti yake, ile nondo unayoivuta na kuisukuma kuingiza risasi, bila mtutu, bila kitako.

Hatua ya 1: Kibali

Anzia polisi, kabla hujamlipa mtu hata senti. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na huko Marekani nako risiva ndiyo bunduki yenyewe mbele ya sheria, ndiyo yenye namba. Asitokee mtu wa kukuletea ndani ya begi akikuambia ni spea tu.

Hatua ya 2: Chagua risasi kwanza

Risasi ndiyo inayoamua urefu wa aksheni. .308 Winchester ina urefu wa milimita 71 hivi na inakaa kwenye aksheni fupi. .30-06 inafika 85, inataka ndefu. .375 H&H, ya tangu 1912, inafika 91, na si kila magazini (boksi la kujazia risasi) inayoitwa ndefu inaimeza. Angalia pia uso wa bolti, pale unapokaa kitako cha ganda la risasi: .308 na .30-06 zina kitako cha ganda cha milimita 12, .375 H&H na .300 Winchester Magnum zina 13.5. Kubadilisha mtutu peke yake hakukuvushi kutoka kundi moja kwenda jingine.

Kama unawinda pongo, ngiri na swala, chukua aksheni fupi na .308. Gramu utakazookoa hapo ni za bure, maana chuma chenyewe ni kidogo. Kama unakwenda kwa nyati, achana na wepesi. Bunduki ikipungua uzito teke linaongezeka, na mtu aliyeanza kuogopa bunduki yake hufumba macho kabla ya kufyatua. Nyati haendewi hivyo.

Hatua ya 3: Pima kila kitu kwenye mizani

Darubini, pete zake, mkanda, risasi za kujaza magazini, vyote. Shemeji alikuwa anapigania gramu mia mbili za risiva huku juu yake amefunga darubini kubwa ya karibu kilo moja. Darubini ndogo ya gramu mia tatu na kitu inatosha kabisa kwa vichaka vya Handeni na Kilindi, ambako mnyama humwoni kwa mbali. Ukimaliza hapo, punguza unene wa mtutu. Kisha ndiyo uje kwenye aksheni.

Ukisoma uzito kwenye tangazo, uliza umepimwaje: na bolti au bila bolti? Na reli ya darubini? Na triga, yaani kifyatulio?

Hatua ya 4: Titani au chuma

Sentimita moja ya ujazo ya titani ina gramu 4.5, ya chuma 7.85. Kwa hiyo risiva ya chuma ya gramu 600, ikichongwa vilevile kwa titani, inashuka hadi kama 345. Titani haishiki kutu, na kwetu Tanga, ambako upepo wa bahari unakula hata bawaba za milango, hilo lina thamani kubwa. Ubaya wake ni kwamba titani ikisuguana na titani inang'ang'aniana na kuchanika. Basi taka bolti ya chuma, au angalau yenye kichwa cha chuma, na grisi kidogo nyuma ya masikio ya kufungia, zile nundu za bolti zinazojifunga ndani ya risiva, kila unapoisafisha.

Ila wepesi haukuanza na titani. Melvin Forbes wa West Virginia alitengeneza kwa chuma aksheni ya Model 20, iliyoitwa hivyo kwa uzito wake wa aunsi 20, kama gramu 567. Aliikata kwa kipimo cha risasi yenyewe. Mwenye bajeti ndogo atafute chuma kisichoshika kutu kirahisi, kilichochongwa vizuri, na mfuko wake utapumua.

Hatua ya 5: Ulishaji wa risasi

Hapa usiharakishe. Aksheni inaweza kuwa nyepesi, nzuri, ya bei kali, na bado ikakwamisha risasi ya pili, ile unayoihitaji kuliko zote.

Aksheni nyingi nyepesi zinafuata umbo la Remington 700 ya 1962, kwa sababu vitako na triga zake zimejaa sokoni. Ndani yake bolti inaisukuma risasi ikiwa huru mpaka chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Mauser ya 1898 ina kucha ndefu inayolishika ganda linapopanda kutoka magazini na haliachi. Kwa swala, ya kusukuma inatosha. Kwa nyati mimi nataka kucha, na sibadiliki. Ila ya kucha uilishe kupitia magazini. Kudumbukiza risasi chemba kwa mkono kunaweza kuivunja kucha kama haikutengenezwa kwa hilo.

Jaribio lifanyike kwa risasi bandia, zisizo na baruti wala fataki, zenye urefu na umbo la kichwa utakachowindia. Risasi nyingine zozote zitoke chumbani. Jaza magazini, vuta na sukuma bolti polepole mpaka ziishe. Rudia kwa kasi. Rudia bunduki ikiwa imelala ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha mdomo ukiangalia juu. Aksheni nyingi hufaulu kwa kasi na kufeli kwa polepole, na porini, mnyama akiwa karibu, utaivuta polepole.

Ikikwama, paka ganda lote wino wa maka peni, ulishe tena, ulitoe ulitazame. Mkwaruzo ukiwa upande mmoja wa bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, tatizo lipo kwenye mdomo wa magazini au kisukumio chake, kile kibamba kinachoinua risasi. Ukiwa kwenye ncha ya risasi, inagonga njia ya kupandia. Usikimbilie kushika tupa. Chuma kilichokwisha kukwanguliwa hakirudi.

Kabla ya yote legeza skurubu mbili za kitako ujaribu tena. Ikilisha vizuri zikiwa zimelegea na kukwama zikikazwa, boksi la magazini linabanwa kati ya risiva na bamba la chini. Boksi linatakiwa licheze kidogo mno, ulisikie kwa kidole, hata skurubu zikiwa zimekazwa. Skurubu ya mbele nayo ikizidi urefu inagusa bolti, na mtu atailaumu aksheni bure.

Mwisho, vumbi. Aksheni za kuagiza huchongwa kwa nafasi finyu sana. Chukua vumbi jekundu kidogo, nyunyiza juu ya bolti, ivute. Bolti yenye mifereji inalipatia vumbi pa kwenda. Iliyo nyororo yote hulisaga. Safisha kabisa baadaye.

Hatua ya 6: Triga na usalama

Kwa porini napenda triga ya wazi, unayoweza kuipuliza vumbi likatoka. Kifungio cha usalama kiwe cha nafasi tatu, kinachofunga na bolti yenyewe. Ukipita kwenye miiba, mkono wa bolti hunaswa ukafunguka bila wewe kujua.

Hatua ya 7: Kufunga mtutu

Mpe fundi mwenye mashine ya kukereza na vipimo vya chemba, kile cha kupita na kile cha kukataa. Bolti ifunge juu ya cha kwanza na igome juu ya cha pili. Baada ya hapo ipake mafuta kidogo kwa kitambaa, na usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi: ngozi hunyonya unyevu wa pwani na kuutunza hapo hapo kwenye chuma.