Somo: Misuli inauma baada ya yoga, ufanyeje?

Darasa letu la yoga hapa Mwanga, mjini Kigoma, limepata wageni wengi, na meseji za asubuhi zinafanana: "Mwalimu, jana nilikuwa mzima, leo hata kuchuchumaa siwezi." Tulieni. Maumivu haya huanza saa 12 hadi 24 baada ya mazoezi, hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Kwa kawaida wiki haiishi hujapona.

Na jamani, si asidi iliyoganda mwilini kama wengi wanavyodhani. Asidi ya laktiki, ile ambayo misuli huitoa ikifanya kazi kwa nguvu, huondoka muda mfupi tu baada ya kupumzika, kabla hata hujaanza kuumwa. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo sana, hasa pale msuli unaporefuka huku umebeba uzito. Ukiwa umejinyoosha kama ubao, ukashusha kifua polepole hadi karibu na mkeka, misuli ya nyuma ya mikono inafanya kazi hiyo hiyo. Ndiyo maana mgeni wa Kigoma akiteremka kwa miguu kutoka Mwanga hadi stesheni, kesho yake mapaja yanamuuma kuliko angepanda, ingawa kupanda ndiko kunakotoa jasho.

Hatua ya 1: Hakikisha ni misuli kweli. Uchovu wa kawaida umeenea, mara nyingi pande zote mbili, na ukitulia unapoa. Maumivu yakichoma sehemu moja kwenye goti au bega, yakianza palepale darasani, au ganzi ikishuka mguuni, hilo ni jeraha. Usiendelee na hatua zangu, nenda ukapimwe. Na mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola, usisubiri kesho: msuli ulioharibika sana huweza kuumiza figo.

Hatua ya 2: Tembea. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanalala kutwa na kuamka wamekaza zaidi. Tembea taratibu robo saa, kisha panda mkekani ufanye mkao wa paka na ng'ombe, mgongo ukipanda na kushuka na pumzi. Usijivute kwa nguvu. Kujinyoosha hakuponyi msuli uliochanika, na ukizidisha unauchokoza.

Hatua ya 3: Oga maji ya moto kiasi, au weka taulo lenye joto penye maumivu. Kuchua kwa mkono laini nako kunasaidia. Mafuta yoyote yanafaa, kazi ni ya mkono. Mawese nayo ni mafuta, ila shuka lako litakuwa la rangi ya machungwa.

Hatua ya 4: Kula vizuri (dagaa, migebuka, maharage), kunywa maji, lala mapema.

Hatua ya 5: Rudi darasani ukiweza kuinuka kitini bila kushika meza, na uanze na nusu ya ulichofanya. Mwili ukishaonja zoezi, safari ijayo hauumi hivyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nimeze diklofenaki kabla ya kuja darasani ili nisisikie maumivu?
Hapana, mdogo wangu. Utajivuta kupita kiasi bila kujua. Ukizidiwa nyumbani, paracetamol kwa kipimo cha kwenye pakiti inatosha. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au mimba asiguse diklofenaki bila ushauri wa daktari.

Nikaogelee ziwani? Nasikia baridi inaponya.
Kaogelee, lakini Tanganyika si barafu, maji ya juu ni vuguvugu mwaka mzima. Kitakachokusaidia ni kule kusogea. Tena si pale Kibirizi katikati ya maboti.

Mume wangu anasema nisipoumwa, sijafanya mazoezi.
Mwambie shemeji aje Jumamosi. Kutoumwa mara nyingi ni dalili kwamba mwili umezoea. Mimi nakupima kwa pumzi na jinsi unavyosimama.

Mie mama mtu mzima, nabeba ndoo ya lita 20 kichwani kila siku. Iweje yoga inilaze?
Shikamoo mama. Shingo na mgongo wako vina nguvu kunishinda. Ila ndoo haijawahi kukuomba uiname magoti yakiwa yamenyooka, kwa hiyo misuli ya nyuma ya mapaja ndiyo kwanza inaanza kazi. Wiki ijayo kunja magoti kidogo unapoinama.