Namna ya Kupima Mgawanyo wa Nchi Kavu na Maji kwa Kutumia Tufe

Ramani bapa ya ukutani haifai kwa kazi hii, hasa ile iliyochorwa kwa mtindo wa Mercator, ambayo huikuza Greenland hata ikaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika inaizidi takriban mara 14. Tafuteni tufe la plastiki linalojazwa upepo kama mpira. Tufe lenye kiegemeo huvuta kidole kwenye Ikweta na kuzificha ncha.

Rushianeni tufe hilo mara 100, na kila anayelidaka aangalie ncha ya kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia imegusa wapi, kisha aandike “nchi kavu” au “maji”. Maziwa yasiwagombanishe: hata Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, lingeguswa kwa wastani mara moja tu katika marusho zaidi ya 7,000. Kwa kuwa bahari hufunika takriban asilimia 71 ya uso wa dunia, yaani kilomita za mraba milioni 361 kati ya milioni 510, hesabu ya maji ikiangukia kati ya 62 na 80 ni ya kawaida. Mkipata 50, chunguzeni mnavyodaka.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haionyeshi maji yamelundikana wapi. Fuateni kwa kidole latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, nanyi mtapita Norway, Sweden, Finland, Urusi, Alaska, Kanada na ncha ya kusini ya Greenland. Kisha fuateni nyuzi 60 kusini, ambako mtaizunguka dunia nzima bila kukanyaga nchi kavu. Takriban theluthi mbili ya nchi kavu iko kaskazini mwa Ikweta.

Sasa elekezeni New Zealand machoni penu na mrudi nyuma hatua kadhaa: karibu kila mnachokiona ni bahari. Geuzeni tufe hadi magharibi mwa Ufaransa pawe katikati, mpate nusu yenye nchi kavu nyingi kuliko nyingine yoyote, ingawa hata humo bahari huchukua takriban nusu ya eneo.

Kutafuta kinachokabili mji wenu upande wa pili wa dunia, geuzeni kusini kuwa kaskazini, toeni longitudo kwenye 180, na mashariki iwe magharibi. Dar es Salaam, iliyo nyuzi 7 kusini na 39 mashariki, inakabiliana na nyuzi 7 kaskazini na 141 magharibi: katikati ya Pasifiki, kusini-mashariki mwa Hawaii.