Kutunga swali la utafiti kuhusu somo la sanaa, hatua kwa hatua

Mwalimu wa sanaa akitakiwa aandike swali la utafiti, mara nyingi huja na hili: "Elimu ya sanaa ina mchango gani katika maendeleo ya mwanafunzi?" Swali hilo linatoka moyoni. Somo letu hubanwa kwenye ratiba na tumekuwa tukilitetea miaka yote. Lakini kutetea ni kazi moja, kutafiti ni nyingine. Swali la utafiti ni lile ambalo jibu lake bado hulijui, na ambalo ukiingia darasani kesho unajua utazame nini. Mimi hulifikia hivi.

Hatua ya 1: Anzia kwenye kazi za wanafunzi

Maktaba isubiri. Kusanya michoro ya darasa moja, itandaze sakafuni, uiangalie bila kalamu nyekundu mkononi. Tafuta jambo linalojirudia ambalo huwezi kulieleza vizuri. Kisha andika ulichokiona, si ulichokihukumu. "Wanafunzi hawana ubunifu" ni hukumu. "Niliweka kiatu mezani, wengi wamekichora kwa ubavu, hata wale waliokaa mahali wanapokiona kwa mbele" ni jambo linaloweza kutafitiwa.

Nitaendelea na mfano huo wa kiatu, kwa kuwa kila anayefundisha kuchora kwa kutazama anaufahamu. Mtoto hukitupia kitu jicho mara moja, halafu huinama na kuchora kiatu alichonacho kichwani.

Hatua ya 2: Andika swali la kwanza bila kulipamba

"Kwa nini wanafunzi wangu hawatazami wanachokichora?" Liache hivyo kwa sasa. Tatizo lake ni "kwa nini": linaita woga, uchovu, mwanga hafifu na mazoea ya tangu utotoni, vyote kwa pamoja, na mwalimu mmoja mwenye darasa moja hawezi kuvitenganisha. Uliza badala yake nini hubadilika unapobadilisha jambo moja.

Hatua ya 3: Yapasue maneno makubwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ninapowaomba walimu wakae muda mrefu kuliko wanavyotaka. Ubunifu, kujiamini, hamasa, kuthamini sanaa: kila neno la aina hii liulize, likiwapo darasani, mkono unafanya nini? Jicho je? Mdomo unasema nini?

Chukua "kutazama". Ukikaa karibu na mwanafunzi kwa dakika tano unaweza kuhesabu ni mara ngapi anainua macho kutoka kwenye karatasi. Unaweza pia kulinganisha mchoro wake na mahali alipokaa: je, kiatu kimechorwa kwa upande aliouona? Hivyo ni vipimo viwili, na havisemi jambo lilelile. Mtoto anaweza kuinua macho kila mara na bado akachora kiatu cha kichwani. Ukikutana na mtoto wa namna hiyo, shukuru, maana huyo atakufundisha mengi kuliko wale ambao vipimo vyao vinakubaliana.

Jihadhari na alama zinazosema mawili. Wengi huhesabu ufutaji kuwa dalili ya kutojiamini. Lakini mtoto anaweza kufuta kwa sababu anaogopa, au kwa sababu ametazama tena na kugundua kwamba mstari haukuwa sahihi. Kuhesabu peke yake hakutakuambia ni lipi kati ya hayo. Muulize: "Ulifuta hapa, uliona nini?" Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe.

Hatua ya 4: Sasa nenda ukasome

Ukiwa na swali mkononi, usomaji unakuwa mfupi na wenye faida. Kwa mfano wetu utakutana na zoezi la kuchora mzingo wa kitu, yaani mstari wa ukingo wake, taratibu bila kuangalia karatasi, lililoenezwa na Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha uchoraji New York hadi miaka ya 1930. Hilo linaweza kuwa badiliko utakalolijaribu.

Usomaji pia utakuepusha na maswali yasiyokufaa. Kama ulitaka kuuliza iwapo sanaa huongeza alama za hisabati, fahamu kwamba mwaka 2000 watafiti wa elimu ya sanaa Ellen Winner na Lois Hetland walipitia tafiti nyingi za aina hiyo. Waliona uhusiano kati ya kusoma sanaa na alama nzuri, lakini kwa sanaa za kuona hawakupata ushahidi thabiti kwamba sanaa ndiyo iliyozipandisha. Kuthibitisha chanzo kunahitaji nyenzo kubwa. Katika jimbo la Arkansas, Marekani, maombi ya shule kutembelea makumbusho ya sanaa ya Crystal Bridges yalizidi nafasi, watafiti wakatumia bahati nasibu kuzigawa, ili waliokwenda walinganishwe na waliokosa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalihusu wanafunzi karibu 11,000 kutoka shule 123. Wewe una darasa lako, na faida yako ni kwamba unawaona watoto walewale wiki baada ya wiki.

Hatua ya 5: Lipime kwa hali yako

Muda, ruhusa ya mkuu wa shule, ridhaa ya wazazi na ya mwanafunzi mwenyewe: hayo yanajulikana. Linalosahaulika ni kwamba wewe ndiwe unayetoa maksi. Mwanafunzi ukimuuliza kama zoezi lako limemsaidia, atasema ndiyo. Kwa hiyo ficha majina na tarehe, mpe mwalimu mwenzako michoro iliyochanganywa, aipange bila kujua ipi ilitangulia.

Hatua ya 6: Liandike upya

"Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari wanapoanza kila kipindi cha kuchora kwa zoezi la mzingo bila kuangalia karatasi, kwa muhula mmoja, ni nini hubadilika katika namna wanavyokitazama kitu, na mabadiliko hayo huonekanaje katika michoro yao?"

Ni refu, lakini kila kipande kina kazi yake. Mpe mwalimu wa somo jingine alisome, akueleze utakuwa ukifanya nini siku ya kwanza. Akikwama, rudi hatua ya 3. Kisha jiulize: jibu likiwa "hakuna kilichobadilika", nitakuwa nimejua jambo? Kwa swali hili, ndiyo: nitajua kwamba kuinua macho hakutoshi, na nitatafuta kinachozuia jicho lisifike mkononi.

Kabla ya kuomba ruhusa rasmi, lijaribu kwa kipindi kimoja na wanafunzi watatu tu. Ukishindwa kuhesabu na kufundisha kwa wakati mmoja, punguza kipimo kimoja, au mwombe mwenzako akuhesabie.