Jinsi ya Kuuwahi Upinde wa Mvua Visiwani

Ukiwa kwenye kisiwa cha tropiki, angalia kivuli chako kabla ya kuangalia mawingu. Kwa mtu aliyesimama ardhini kwenye tambarare, upinde wa mvua huonekana jua likiwa chini ya nyuzi 42 kutoka upeo wa macho. Mtu wa sentimita 170 anahitaji kivuli cha sentimita 190 hivi au zaidi. Kikiwa kifupi kuliko hapo, hata mvua inyeshe vipi, upinde wote uko chini ya upeo, nenda kaogelee.

Karibu na ikweta jua hupanda takriban nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo una nafasi mbili kwa siku: tangu macheo hadi karibu saa 3 kasorobo asubuhi, kisha kuanzia saa 9 na robo alasiri hadi machweo. Ukienda mbali na ikweta, msimu nao una neno lake. Honolulu, kisiwani Hawaii, mwezi Desemba, jua la adhuhuri hufika nyuzi 45 tu, hivyo upinde unaweza kutokea karibu mchana kutwa.

Wengi hukosea kwenye kuchagua mahali pa kusimama. Huifuata mvua, wakaishia ndani yake, jua limezibwa. Visiwa vingi vya tropiki vyenye milima hupigwa na pepo za mashariki sehemu kubwa ya mwaka. Upepo ukigonga mlima hupanda, hupoa na kumwaga mvua upande huo wa mashariki na vileleni, huku magharibi kukibaki kukavu na anga wazi. Basi alasiri kaa magharibi: jua liko baharini nyuma yako, mvua imening'inia milimani mbele yako. Ukiwa Waikiki, ufukwe wa Honolulu, saa hizo, geukia bonde la Manoa.

Asubuhi mambo hugeuka. Nenda pwani ya mashariki, lipe jua mgongo, utazame milimani. Ugumu ni kwamba manyunyu huja kutoka baharini, upande uleule wa jua, na yakiwa bado njiani hayakufai kitu. Yaache yakupite. Mara mwanga unaporudi na kivuli chako kuonekana tena, geuka uyatazame yanavyokwenda zake. Una dakika chache tu.

Kwenye visiwa bapa vya matumbawe kama vya Maldives hakuna mlima wa kuishika mvua. Tafuta nguzo za mvua juu ya bahari, upande ulio kinyume na jua.

Kitovu cha upinde ni kivuli cha kichwa chako. Nyoosha mkono, tanua vidole: shibiri moja ni karibu nyuzi 20. Pima shibiri mbili na ziada kidogo kutoka kwenye kivuli hicho, upande wowote, na hapo ndipo penye rangi. Jua likiwa nyuzi 30, kilele cha upinde kiko nyuzi 12 tu juu ya upeo, yaani kimo cha ngumi moja ya mkono ulionyooshwa na kidogo zaidi. Anayekodolea macho mawinguni hataliona tao hilo. Ukishaupata, tafuta wa pili nje yake, kwenye nyuzi 51 hivi: umefifia, rangi zimepinduka, na anga katikati ya pinde hizo mbili ni jeusi zaidi.

Matone makubwa hutoa rangi kali, hasa nyekundu. Ukungu hutoa tao jeupe lisilo na raha sana.

Kwa picha, tao zima lina upana wa nyuzi 84 jua likiwa upeoni. Lenzi ya kawaida ya simu hailimezi. Tumia ile pana, au lenzi ya milimita 18 au chini kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35. Chujio la polaraizi, lile la mbele ya lenzi linalokata mng'ao, lizungushe polepole ukitazama kioo cha kamera: pembe moja huzitia rangi nguvu, nyingine huufuta upinde kabisa. Kwa lenzi pana hulipati tao lote likiwa na nguvu sawa, kwa hiyo livue ukitaka picha nzima.

Mwezi mpevu nao hutengeneza upinde, kwa masharti yaleyale ya nyuzi 42. Macho huuona mweupe. Kamera ikiwa kwenye tripodi, ISO (kiwango cha kuhisi mwanga) 1600 na lenzi ikiachwa wazi sekunde 10 hadi 30, huzitoa rangi.