Jinsi ya Kuusoma Mlio wa Kigunduzi cha Metali Unapotafuta Sarafu

Kigunduzi cha metali hakijui sarafu ni nini. Koili yake, yaani ile sahani yenye nyaya iliyo mwishoni mwa mpini, hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika, uga huo huzusha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali iliyofukiwa, nayo mikondo hiyo huzaa uga wake dhaifu, ambao mashine huupokea kwa kuchelewa kidogo. Kuchelewa huko hutegemea aina ya metali, unene na ukubwa wa kitu, na ndiko kunakogeuzwa kuwa namba kwenye kioo na mlio masikioni. Ndiyo maana vitu viwili tofauti kabisa vinaweza kutoa namba moja.

Kabla ya kutoka, tandaza sarafu na takataka za metali mahali pasipo na metali nyingine, upitishe koili juu ya kimoja kimoja. Kwa kawaida karatasi ya alumini hutoa namba ya chini, kipete cha kufungulia kopo hutoa ya kati, na fedha au shaba nene hutoa ya juu. Hata hivyo, sarafu ya Marekani ya senti 5, ambayo ni shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, hutoa namba iliyo karibu na ya takataka za alumini, ilhali sarafu za Uingereza za peni 1 na 2, ambazo tangu 1992 zimetengenezwa zaidi kwa chuma kilichopakwa shaba, zinaweza kulia kama vipande vya chuma. Zijue kwanza sarafu unazozitafuta.

Ukiwa uwanjani, telezesha koili ikiwa sambamba na ardhi, bila kuiinua mwishoni mwa kila mzunguko wa mkono. Unaposikia mlio, simama, kisha upite juu yake kwa mwendo mfupi, kwenda na kurudi. Sarafu iliyolala bapa hutoa mlio mfupi, ulio safi kingoni, unaofanana pande zote mbili. Sasa zunguka robo duara na upime tena, kwa maana hapa ndipo msumari hujifichua: mlio uliokuwa mzuri hukatika, hukwaruza, au kitovu chake huhama. Sarafu iliyosimama wima huweza kutoa milio miwili hafifu, kwa hiyo usiihukumu haraka. Kisha inua koili taratibu. Mlio wa sarafu hufifia mapema, ilhali kopo zima huendelea kulia koili ikiwa juu sana.

Mlio unaostahili subira kubwa kuliko yote ni ule wa mbali, mwororo, unaojirudia palepale ingawa namba inarukaruka, kwani sarafu iliyozama sana mara nyingi haina namba thabiti. Kichujio kikali kinachonyamazisha chuma huweza kuifunika sarafu iliyo jirani na msumari, na usikivu wa mashine uliopandishwa mno hulijaza sikio kelele za udongo wenye madini. Mimi napendelea kuchuja kidogo na kusikiliza zaidi.

Katika siku za mwanzo chimba kila mlio unaojirudia, ukiandika dhana yako kabla ya kufukua na kilichopatikana baada yake. Ukishakitoa kitu, pitisha koili tena juu ya shimo kabla ya kulifukia, kwa sababu msumari ukiondoka, sarafu iliyokuwa kimya kando yake huweza kuanza kulia.