Somo: Muhula wa kwanza chuoni ng'ambo, usikae kimya

Wadogo zangu mliomaliza sekondari na kupata nafasi ya kusoma nje, hongereni sana. Nimeandika somo hili kwa sababu nimeona vijana wenye akili zao wakianguka muhula wa kwanza, na masomo wangeyaweza. Walinyamaza tu. Sekondari mwalimu akikuona umezubaa anakufuata dawatini. Chuoni unaweza kupotea miezi mitatu na asikuulize mtu.

Hatua ya 1: Karatasi

Pasipoti, barua ya chuo na vyeti visafiri kwenye begi la mkononi. Ukishafika, nenda mapema ofisi ya wanafunzi wa kigeni ujiandikishe, na uwaulize masharti ya viza yako. Mfano: Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1, yaani viza ya masomo, kwa kawaida anatakiwa kusoma angalau krediti 12 kila muhula (krediti ni kipimo cha uzito wa somo). Ukiacha somo moja kimyakimya ukashuka chini ya hapo, umeshagusa viza yenyewe.

Hatua ya 2: Silabasi

Kila somo lina silabasi yenye tarehe za kazi na uzito wa alama. Zikusanye zote, hamishia tarehe kwenye kalenda moja. Utaona wiki ambayo kazi tatu zimegongana, na utaiona ukiwa bado na nafasi ya kujipanga.

Vipindi vichache visikudanganye. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, ECTS, mwaka mzima ni krediti 60 na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Somo la krediti 6 basi ni saa 150 kwenda juu, na nyingi kati ya hizo ni wewe na kitabu.

Hatua ya 3: Mlango wa mhadhiri

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Wahadhiri wengi hutangaza saa za ofisi. Mimi nilidhani ni saa zao za kufanya kazi bila kusumbuliwa! Wiki ya tano, somo la takwimu limenishinda, nilisimama nje ya mlango, nikainua mkono kubisha, nikaushusha, nikaondoka. Nilirudi kesho yake. Akaniuliza nimekwama wapi. Sikuwa na jibu, maana niliona nimekwama kote. Akachukua daftari langu, akapitisha kidole taratibu, kikasimama mstari wa tatu. "Ulianzia kupotea hapa." Yaliyofuata yote yalikuwa matawi ya kosa lile moja.

Kwa hiyo nenda na daftari, na swali moja dogo: "Nimefika mstari huu, sielewi tumetokaje hapa kwenda pale." Saa hizo zimetengwa kwa ajili yako.

Hatua ya 4: Maneno ya watu

Wengi wetu tulisifiwa kwa kukariri kitabu neno kwa neno. Chuoni, ukiandika hivyo bila kutaja chanzo ni wizi wa kitaaluma, hata kama hukukusudia. Ukibadilisha maneno lakini wazo ni la mwingine, bado mtaje.

Hatua ya 5: Upweke

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika mwaka 1960 kwamba mgeni huanza na kipindi kama fungate, kisha kila kitu humkera, halafu huzoea polepole. Ukifika mwezi wa pili ukachukia hata sauti ya mlango wa bweni, usianze kutafuta tiketi ya kurudi. Tafuta kikundi kimoja kinachokutana kila wiki, uende hata siku usiyojisikia.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Mhadhiri anaongea haraka, nusu inanipita.*

Marahaba mdogo wangu. Soma sura husika usiku wa kabla ya mhadhara, ili maneno magumu uyasikie mara ya pili. Pia muombe ruhusa ya kurekodi.

*Naruhusiwa kufanya kibarua?*

Inategemea nchi na viza. Uingereza, wanafunzi wengi wa shahada wanaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Marekani, mwenye F-1 huanzia kazi za ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki. Bosi akikubembeleza uzidishe, kataa, kwa sababu viza ni yako.

*Dada, nimefeli jaribio la kwanza. Nyumbani wamejinyima sana kunisomesha, naogopa kuwaambia.*

Pole sana, mdogo wangu. Leo hii, kabla hujalala, mwandikie mshauri wako wa masomo: "Nimefeli jaribio la kwanza. Naomba tuonane kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha somo." Akikupa siku, ndipo upige simu nyumbani. Uwaambie ulichopata, na siku mnayokutana.