Kusoma Melini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kung'oa Nanga

Mzazi akiambiwa mwanawe atasoma muhula mzima ndani ya meli, kinachomjia kwanza ni mawimbi. Si hofu ya bure. Januari 2005 meli MV Explorer, yenye wanafunzi wa programu ya Marekani iitwayo Semester at Sea, ilipigwa na wimbi kubwa kaskazini mwa Pasifiki. Vioo vya chumba cha kuongozea vilivunjika na injini zikazima, lakini hakuna aliyekufa. Machi 1996 programu hiyohiyo ilipoteza wanafunzi wanne, na walifia barabarani: basi lao lilipata ajali India, safarini kwenda kuiona Taj Mahal.

Kwa hiyo maswali yako mengi yahusu siku za bandarini. Nani anakodi mabasi? Kuna safari za usiku? Dereva ana wa kumpokea? Ziara za chuo huwa na msimamizi. Zile ambazo vijana hujipangia wenyewe ndizo za kuogopwa, hasa pikipiki za kukodi. Soma mkataba wa bima hadi mwisho, kwa sababu bima nyingi hazilipi ajali ya pikipiki kama dereva hana leseni yake. Hakikisha pia inagharamia kumsafirisha mgonjwa hadi hospitali ya nchi nyingine. Kivuko kikijaa kupita kiasi, mwanafunzi asipande, hata kama tikiti imeshalipiwa. Sisi wa pwani tuliozika watu wa MV Spice Islander mwaka 2011 hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Dawa zianze kushughulikiwa miezi kadhaa kabla. Melini kuna daktari, ila duka la dawa halipo jirani, basi abebe za safari nzima, katika pakiti zake na pamoja na cheti. Aangalie sheria za kila bandari: Japani, kwa mfano, hairuhusu dawa zenye amfetamini hata ukiwa na cheti cha daktari. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia nchi inayoidai. Anayelewa bahari ajaribu vidonge vyake nyumbani kwanza, maana vingine hulaza mtu darasani.

Kuhusu meli yenyewe, zoezi la dharura ni lazima kisheria, nalo hufanyika kabla ya kuondoka au mara baada ya hapo. Milio saba mifupi na mmoja mrefu maana yake ni kwenda kituo cha kukusanyikia. Vijana hulidharau, wakiwa na simu mkononi. Februari 2010 meli ya matanga Concordia, iliyokuwa shule ya Wakanada, ilipigwa na dhoruba ya ghafla ikazama mbali na pwani ya Brazili. Watu wote 64 walipona, baada ya kukaa zaidi ya saa 30 kwenye maboti ya mpira. Hawakuwahi kuomba msaada kwa redio. Aliyewasemea ni mtambo unaojiwasha wenyewe na kutuma ishara kwa setilaiti. Mwanafunzi ajifunze njia ya kutoka chumbani kwake hadi sitahani gizani, na ajue jaketi okozi lake limewekwa wapi.

Kisha kuna saa ya kurudi. Meli haingoji, na mwenye kuchelewa humhimiza dereva akimbize gari. Arudi mji wa bandari siku moja kabla.